Cheti cha Polisi cha Nchi Jirani: Mke, Mpaka na Muhuri wa Msikiti

Alikuja ofisini kwetu baada ya swala ya Alasiri, bahasha ya kaki mkononi. Ni kijana tunayemfahamu, wa jamaa zetu wa hapa Kabanga, na siku hiyo hakuwa na salamu ndefu. "Ustadh," alisema, "hii imekwisha kuandikwa. Inahitaji muhuri tu."

Tuliifungua. Barua ilikuwa imechapwa vizuri kwa jina la kamati ya msikiti wetu. Ilithibitisha kwamba shemeji yake, dada tunayemjua sote, ni mzaliwa wa Wilaya ya Ngara, mwenye tabia njema, aliyeishi Kabanga tangu kuzaliwa, na ambaye hajapata kuishi nje ya Tanzania. Chini paliachwa nafasi ya saini ya katibu na mahali pa kugonga muhuri.

Mume wa dada huyo yuko Kanada. Alilelewa hapa hapa Ngara, katika kambi ya Lukole, akiwa mtoto wa wakimbizi wa Kirundi, na familia yake ikapelekwa ng'ambo kabla kambi haijafungwa. Sasa ni raia wa huko. Alikuja, akafunga nikaha mbele ya wali na mashahidi, akarudi kazini kwake, kisha akaanza kumwombea mkewe ruhusa ya kumfuata. Katika orodha ya nyaraka zilizotakiwa palikuwa na kifungu kilichowatia hofu: cheti cha polisi kutoka kila nchi ambayo mwombaji ameishi miezi 6 au zaidi mfululizo katika miaka 10 iliyopita, tangu alipotimiza umri wa miaka 18. Ndugu wa mume wakaona njia ya mkato. Nchi isipotajwa, cheti chake hakitadaiwa.

Laiti tungeweza kusema kwamba tulikataa kwa uchamungu wetu. La. Muhuri ulikuwa umekwisha kutoka kwenye droo. Aliyetuzuia ni mzee mmoja wa kamati aliyekuwa ameketi pembeni akisubiri hesabu za mchango wa umeme. Alisikia jina likitajwa, akauliza kwa upole: "Huyu si yule tuliyemsomea dua alipoolewa Buyenzi?"

Kuvuka Kobero

Dada aliitwa, akaja na mama yake. Hakuwa mwongo, na tunapenda msomaji alifahamu hilo mapema. Alipoulizwa kama amewahi kuishi nchi ya nje alijibu hapana kwa moyo safi. "Ustadh, nje ni huko aliko mume wangu. Burundi ni nyumbani. Kwani kuvuka Kobero nako ni kusafiri?"

Anayekaa Tanga au Dar es Salaam huenda akacheka. Sisi wa hapa hatucheki. Kabanga ni mlango. Ukitoka kwetu unaingia Kobero, na mji wa kwanza mkubwa mbele yako ni Muyinga. Malori yanayopeleka bidhaa Burundi hupanga foleni mbele ya maduka yetu. Mhangaza na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Ama kwa Waislamu, ujirani huu una kamba nyingine: Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na Nyamirambo ya Kigali, ni mahali ambapo Mwislamu wa Ngara hufika akasikia Kiswahili, akakuta msikiti, na mara nyingi akakuta shangazi. Nchi hizi tatu zilikuwa chini ya Mjerumani mmoja hadi Vita Kuu ya Kwanza, ndipo Ubelgiji ikapewa Ruanda-Urundi na Uingereza ikapewa Tanganyika. Mstari ukachorwa, lakini harusi hazikukoma.

Mstari huo umewahi pia kuvukwa kwa machozi. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, Warundi walimiminika kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, iliyokuwa njia panda tu, ikawa moja ya makambi makubwa duniani. Na mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga iliyowaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, zilikuwapo familia zilizogawanyika, mume upande huu na mke upande ule. Tunayataja haya kwa sababu moja. Watu wa Ngara na Biharamulo wana sababu za kuogopa swali la "umetoka wapi?", na anayeogopa swali hujifunza kulijibu kwa ufupi.

Sasa huyu dada alikuwa anaulizwa swali hilo hilo na nchi iliyo mbali, na jibu fupi lilikuwa limekwisha kuchapwa.

Hesabu ya Ramadhani

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua aliishi wapi na kwa muda gani. Hakuwa na mihuri ya pasipoti. Nyakati zile alivuka kwa vibali vya muda vya karatasi ambavyo vilichakaa na kutupwa. Tarehe hazikumbuki. Lakini alikumbuka alifunga Ramadhani ngapi na wapi, na kwa Mwislamu hiyo ni kalenda tosha ukijua kuisoma.

Alifunga Ramadhani mbili Buyenzi, katika ndoa yake ya kwanza. Ya kwanza ni ile ya 2017, iliyoanza mwishoni mwa Mei. Ya pili ni ya 2018, iliyoanza katikati ya Mei. Alikuwa ameolewa kabla ya ile ya mwanzo na akarudi kwao, akiwa amekwisha kupewa talaka, baada ya Idi ya ile ya pili. Hapo tayari ni zaidi ya mwaka mzima. Mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko wa miladi, kwa hiyo mtu asiseme "Ramadhani mbili" akaandika miaka miwili. Ramadhani mbili zilizofungwa mahali pamoja huthibitisha mwaka mmoja na ushei. Zaidi ya hapo mtu aulizwe mavuno, mvua, na mtoto wa nani alizaliwa.

Kisha mama yake akakohoa. "Na kule kwa shangazi yako?" Tukagundua Nyamirambo. Alikwenda Kigali mwaka 2019 kumsaidia shangazi yake katika biashara ya vitenge, akakaa miezi 7 au 8, akarudi kabla Rwanda haijafunga mipaka yake Machi 2020 kwa ajili ya corona. Kwake yeye hiyo haikuwa kuishi. Ilikuwa kumtembelea shangazi. Kwa kifungu cha Kanada, miezi 6 mfululizo ni kuishi, hata kama ulilala kwenye jamvi la shangazi.

Hivyo mwanamke aliyeapa kwamba hajapata kusafiri alihitaji vyeti vya nchi tatu.

Milango mitatu

Wengi wetu tunapotamka "cheti cha polisi" tunafikiri kila nchi ina dirisha la polisi linalotoa karatasi inayofanana. Sivyo, na kutolijua hilo humgharimu mtu nauli na majuma.

Kwa Tanzania cheti hiki, ambacho watu hukiita cha tabia njema, hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukua alama za vidole na kuzilinganisha na kumbukumbu za uhalifu. Barua ya mtendaji wa kijiji au ya msikiti haishiki nafasi yake. Huweza tu kusaidia kuonyesha kwamba mtu anafahamika. Kenya nao huchukua alama za vidole, na cheti chao cha tabia njema hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya maombi kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Uganda hukitoa kupitia kurugenzi ya polisi inayoshughulika na Interpol, Kampala.

Burundi na Rwanda zilirithi desturi ya Kibelgiji, na huko jambo hili ni la upande wa sheria. Warundi huiita karatasi hiyo kwa Kifaransa extrait du casier judiciaire, maana yake dondoo ya daftari la hukumu. Anayefika kituo cha polisi cha Muyinga akiomba "cheti cha polisi" huenda akapewa karatasi nyingine kabisa, nzuri na yenye muhuri, isiyokuwa ile inayotakiwa. Rwanda, cheti hutolewa na Mamlaka ya Taifa ya Mashtaka, na ombi hufanywa kwenye mtandao wa Irembo.

Cha Rwanda ndicho kilichotangulia kupatikana. Mtoto wa shangazi yake mwenye ujuzi wa kompyuta alimsaidia. Cha Burundi kilimsumbua, na kisa ni jina. Warundi na Wanyarwanda hawana desturi ya jina la ukoo kama tulivyozoea kuandika majina matatu, la mtu, la baba na la babu. Mtoto hupewa jina lake la Kirundi, na Mwislamu huongezewa la Kiislamu. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza wasifanane hata herufi katika vitambulisho. Dada yetu alipoolewa Buyenzi, majirani na wakweze walimwita kwa jina la nyumbani kwao, na ndilo lililoandikwa katika karatasi za mtaa. Pasipoti yake ya Tanzania ina majina mengine. Ongeza na tahajia: Hamisi wa kwetu huko ni Hamissi, Asha huweza kuwa Aïcha. Karatasi ya kwanza aliyoletewa ilikuwa ya mwanamke ambaye, kwa macho ya ofisa wa Kanada, si yeye.

Ilimbidi avuke mwenyewe, safari hii akiwa na pasipoti, hadi Bujumbura. Aliyempokea ni kaka wa mume wake wa zamani. Tunaandika hili kwa heshima, maana talaka nyingi hapa huacha watu wasioamkiana, na mtu huyu alizunguka naye siku tatu akishuhudia kwamba mwenye jina hili na mwenye jina lile ni mtu mmoja. Alirudi na karatasi yenye jina la pasipoti. Aidha, aliapa mbele ya wakili kiapo cha majina kinachoyataja yote aliyowahi kuitwa. Ushauri wetu kwa kila familia ni kukiandaa kiapo hicho mwanzo kabisa, kabla ya cheti cha kwanza kuombwa. Kwa bahati njema Kanada hupokea nyaraka za Kiingereza au Kifaransa, hivyo ya Burundi haikuhitaji mfasiri. Ingekuwa ni Marekani, karatasi ya Kifaransa ingetakiwa ifasiriwe kwa Kiingereza.

Cha Tanzania tulimshauri akiache mwisho, na hapa pana hesabu ambayo wengi huikosea. Kanada hutaka cheti cha nchi unayoishi sasa kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kuwasilisha ombi. Cha nchi uliyoihama hutakiwa kiwe kimetolewa tu baada ya mara ya mwisho kuishi huko. Anayeanza na cha nyumbani kwa sababu ni chepesi hukikuta kimechacha wakati cha jirani kinapowasili, akalazimika kuchukua tena basi kupitia Benaco na Lusahunga kwa safari ile ile aliyokwisha kuilipia.

Alama zake za vidole za kwanza hazikusomeka. Mikono iliyoshika jembe na sabuni ya magadi kwa miaka hupoteza mistari. Alishauriwa apake mafuta mikononi kila usiku, apumzike kulima kwa majuma mawili, kisha arudi. Nasi tunaongeza neno kwa kina dada: hina na piko ni pambo jema, lakini si kwenye ncha za vidole katika wiki ya kuchukuliwa alama. Tumemwona bibi harusi aliyerudishwa kwa sababu hiyo, na mwenye kulia zaidi alikuwa mpaka hina.

Barua yetu ya kwanza

Tungependa kuishia hapo, tukijivunia kwamba kamati ilikataa kugonga muhuri. Lakini kulikuwa na barua nyingine.

Miaka mitatu kabla ya siku ile ya bahasha ya kaki, dada huyo huyo alikuja kuomba barua ya utambulisho wa kawaida, kwa ajili ya kufuatilia kitambulisho chake. Sisi tulioshika kalamu ya kamati tuliiandika kwa dakika tano, kwa maneno tuliyozoea: kwamba ni muumini wa msikiti huu na "ameishi hapa siku zote". Siku zote! Hatukumwuliza. Hatukukusudia kudanganya mtu yeyote. Ni maneno yanayotoka kalamuni kama "wabillahi tawfiq" mwishoni mwa barua. Nakala ilibaki katika simu ya shemeji yake, naye kwa nia njema aliituma Kanada pamoja na picha za harusi katika furushi la mwanzo la nyaraka.

Kwa hiyo dada alipojaza fomu kwa ukweli, akaeleza Buyenzi na Nyamirambo mwezi kwa mwezi, kwani fomu hiyo haitaki pengo lolote katika historia ya miaka 10, palikuwa na waraka mmoja ndani ya faili unaompinga. Waraka huo ulikuwa na muhuri wa msikiti na saini yetu. Barua ikaja ikimtaka aeleze.

Haikuwa barua ya vitisho, lakini tunajua ingeweza kuishia wapi. Sheria ya uhamiaji ya Kanada humfungia mlango kwa miaka 5 mtu anayepatikana ametoa maelezo ya uongo au ameficha jambo la msingi. Marekani ni kali zaidi: udanganyifu wa makusudi katika ombi la viza humzuia mtu maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu ambao si mwepesi. Uingereza huweza kumnyima viza mtu kwa miaka 10. Miaka hiyo hailingani na ile miezi michache ambayo shemeji alitaka kuiokoa. Mke wa miaka 30 aliyefungiwa miaka 5 huanza upya akiwa na 35, na ndoa ya simu katika miaka hiyo mitano haina mdhamini.

Ilitulazimu kuandika barua nyingine. Tulieleza kwamba ile ya kwanza iliandikwa na sisi bila uchunguzi, kwamba maneno "siku zote" yalikuwa ya mazoea, na kwamba mwenye barua hakutuomba tuyaandike. Mwenyekiti alisaini, imamu alisaini, nasi tukasaini. Mume alitupigia simu akiwa na hasira. Alisema tumemcheleweshea mke, na hatukuwa na la kumjibu.

Tuliyesoma chuo cha Kiislamu tulipaswa kuwa wa mwisho kutenda kosa hilo. Tulisomeshwa mlango wa ushahidi. Tulijua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqarah, inahusu kuandikiana na kushuhudia deni, na kwamba mwandishi ametajwa humo kwa wajibu wake. Tulijua aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inavyomtaka mtu ashuhudie kwa uadilifu hata dhidi ya nafsi yake na jamaa zake wa karibu, na kwamba Mtume (s.a.w.) aliihesabu shahada ya uongo miongoni mwa madhambi makubwa, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Tulichokuwa hatujakifikiria ni kwamba barua ya utambulisho nayo ni shahada. Tuliiona kuwa ni huduma, kama kumpa mtu maji.

Anayefuata nchi nyingine

Masharti ya Kanada si ya ulimwengu mzima, na hubadilika. Kila familia iyasome katika tovuti rasmi ya nchi inayohusika siku inapoanza. Marekani huhesabu tangu umri wa miaka 16 na haina kikomo cha miaka 10. Hutaka cheti cha nchi ya uraia ikiwa umeishi huko miezi 6 au zaidi, cha nchi unayokaa sasa kwa muda huo huo, na cha nchi nyingine yoyote uliyoishi mwaka mmoja au zaidi. Na popote ulipowahi kukamatwa, hata kama ulikuwa mpita njia wa siku moja, cheti chake hutakiwa. Kwa kipimo hicho dada yetu angedaiwa cha Burundi, na cha Rwanda asingedaiwa. Australia huangalia miaka 10 iliyopita, tangu umri wa miaka 16, na hujumlisha: miezi 12 kwa jumla, hata kama ni ya vipande vipande. Mfanyabiashara wa Kabanga anayelala Muyinga wiki mbili kila mwezi aitafakari hesabu hiyo. Uingereza kwa kawaida haimdai mwenzi wa ndoa cheti cha polisi, ila humdai anayetoka Tanzania cheti cha kupimwa kifua kikuu.

Kuna wanaouliza: je, niliyekimbia nchi yangu nikiogopa roho yangu, nikaombe cheti kwa wale wale niliowakimbia? Kwanza, miaka ya kambini Ngara au Kigoma ni miaka ya kuishi Tanzania. Isifichwe, na kadi ya ukimbizi itunzwe kama dhahabu, maana ndiyo ushahidi wa mahali ulipokuwa. Pili, pale cheti kisipopatikana, mlango haufungwi papo hapo. Mwombaji huandika maelezo kwa nini hakuweza, akaambatanisha ushahidi wa juhudi zake au sababu ya hofu yake. Hata mwenye haki ya kutokuwa na cheti hudaiwa kuitaja nchi.

Wengine wana doa dogo. Hapa mpakani wapo waliowahi kutozwa faini kwa kuvuka bila kibali, wakaona ni jambo la aibu la kuzikwa. Lisemwe. Kosa lililosemwa hupimwa kwa uzito wake, na rekodi ya faini si lazima imnyime mtu viza. Kosa lililofichwa huhesabiwa kuwa udanganyifu, na adhabu ya udanganyifu tumekwisha kuitaja. Kadhalika wajihadhari na vishoka wanaosema wana mtu ndani atakayeleta cheti cha Bujumbura au Kigali bila mwenyewe kujulikana huko. Cheti kina namba, na namba huulizwa ilikotoka.

Kwa kuwa gazeti hili husomwa na mawali pia, tuongeze jambo lililo nje kidogo ya mada yetu. Nikaha iliyofungwa kwa simu, au kwa wakili wa bwana harusi aliye ng'ambo, tunaijua hukumu yake kwa mujibu wa fiqhi yetu. Lakini tangu Juni 2015 Kanada haikubali ndoa ambayo mmoja wa wawili hakuwapo mwenyewe iwe msingi wa kumleta mwenzi, na Marekani huitaka ndoa ya namna hiyo iwe imefuatiwa na kukutana kwa mume na mke kimwili baada ya akdi. Wali anayemwoza binti yake kwa simu amwulize kwanza mkwewe ana mpango gani wa kuja.

Daftari

Ombi la dada yetu lilipokewa likiwa na vyeti vyake vitatu, kiapo cha majina na barua yetu ya kujisahihisha. Hadi tunaandika makala haya, kwa idhini yake na bila jina lake, majibu hayajatoka. Yeye amerudi shambani. Anasema vidole vyake vimekwisha kutumika.

Kamati imenunua daftari. Kila barua inayotoka huandikwa humo namba yake, na hakuna barua inayochapwa nje ikaletwa kwetu kugongwa muhuri. Neno "siku zote" limeondolewa. Anayeomba barua ya ukazi huulizwa swali moja ambalo limezoeleka hata kwa watoto wa madrasa, wanaolirudia kwa kutania: umefunga Ramadhani ngapi mahali pengine?

Juma lililopita alikuja mzee mmoja kumwombea binti yake barua. Tulimwuliza swali letu, tukidhani atasema hakuna. Aliegemea ukuta, akavua kofia. Binti, alisema, alizaliwa Muyinga mama yake alipokwenda kujifungulia kwao, akanyonyeshwa Ngara, akasoma Biharamulo kwa mjomba, akaolewa Kigali, akarudi, akaenda tena. "Kigali Ramadhani ngapi, mzee?" Akaanza kuhesabu kwa vidole, akasita, akamwita mkewe aliyekuwa amesubiri nje. Tukageuza ukurasa wa daftari, maana ule wa kwanza ulikuwa umejaa.